Chumvi Haipandi na Mvuke

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisko au nimeolewa kimya kimya. Hakuna lolote. Nilikuwa fildi, wiki nane za kufundisha kemia kwenye shule moja ya kata kule Siha, juu ya Boma Ng'ombe, mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu unaiona Kibo upande mmoja na Meru upande wa pili, kama wazee wawili waliokaa wanasubiri kesi ianze.

Nimerudi Moshi juzi. Ripoti ya fildi sijaanza hata jalada. Lakini kabla sijaingia kwenye ile lugha ya ripoti, nataka kuwaandikia habari ya chumvi. Ndiyo, kutenganisha chumvi na maji, ile mada ya kidato cha kwanza ambayo sote tuliikariri tukaipita. Mimi nimeifundisha mara tatu, mikondo mitatu, na nimegundua ni mada nzito kuliko nusu ya madesa tuliyonayo humu chuoni.

Nianze na jambo ambalo wanaonifahamu wanalijua. Kwetu ni Arumeru, tena si mbali na Maji ya Chai, na meno yangu yamefanana na jina la mahali. Mwaka wa kwanza mliniita "Chai" mpaka likawa jina. Sina kinyongo, nyie ni watu wangu. Ila mmeniona nikicheka ninavyoweka mkono mdomoni. Hiyo ni tabia ya tangu darasa la tatu.

Sasa tuingie darasani. Chumba kimeandikwa Maabara mlangoni. Ndani kuna meza nzuri za zege, bika nne, na kichomeo ambacho gesi yake iliisha siku nyingi. Si unajua tena. Nikabeba jiko la mkaa kutoka kwenye chumba nilichopanga, sufuria ndogo, kitambaa safi cheupe, sahani mbili na pakiti ya chumvi ya dukani. Wanafunzi walipoona jiko linaingia maabara wakashangilia, wakadhani leo ni chai.

Tukayeyusha vijiko viwili vya chumvi kwenye kikombe cha maji. Nikauliza, chumvi imekwenda wapi? Wakasema imepotea. Nikakunja kitambaa mara nne, tukachuja. Kwa kuwa vyombo vyote vilikuwa vya jikoni, nikawaruhusu waonje. Chumvi ile ile. Hilo ni somo la kwanza na ni kubwa: kilichoyeyuka hakichujiki kwa kitambaa, hata ukunje mara kumi.

Kisha tukagawa maji yale. Nusu kwenye sufuria juu ya jiko, nusu kwenye sahani, tukaifunika kwa kipande cha neti na kuiweka dirishani juani. Ya jikoni ilichukua muda mfupi. Maji yalipobaki kidogo yakaanza kuwa mazito, halafu chumvi ikaanza kuruka ruka, "inarusha, madam, inarusha!" Hapo unaepua. Joto la sufuria lenyewe linamalizia kazi. Chini ukabaki unga mweupe. Ya dirishani ilikaa siku tatu, na ilipokauka tukakuta chembe za mraba, zimenyooka pembe, kama vibanda vidogo vya kioo. Moto ukienda haraka, chumvi haipati muda wa kujipanga, inatoka ungaunga. Jua linakwenda polepole, chembe inajijenga upande kwa upande. Kitu ni kile kile.

Kwa nini inabaki? Maji kule juu, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka kabla ya kufika digrii 100, yapata 95 au 96 hivi. Hapa Moshi mjini ni kama 97, na kule kileleni mita 5,895 ni kama 80 tu, yaani maharage utayasubiri mpaka ushuke. Lakini chumvi ya mezani haiyeyuki kwa moto mpaka digrii 801, achilia mbali kugeuka mvuke. Kwa hiyo moto wa jiko unatosha kuyaondoa maji, kwa chumvi ni kama unaipungia mkono tu. Maji yanapanda na mvuke, chumvi haipandi.

Nikauliza swali la pili. Kama tunataka maji yenyewe, siyo chumvi, tufanyeje? Kimya. Nikarudia kwa Kiingereza cha kitabu, kimya zaidi. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki mbili sikuwa nimesikia sauti yake, akasimama akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka: unafunika sufuria vizuri, unaziba pembeni kwa udongo, unatoa bomba juu, unalipitisha kwenye maji baridi, mvuke unapoa humo ndani unarudi kuwa maji, unakinga kwa chupa. Darasa zima likaangua kicheko. Wote walijua ameuona wapi mtambo huo. Ni gongo, jamani! Nikawaambia wacheke, lakini maelezo yake hayana kosa hata moja. Huko ndiko kukenekesha. Watu wengi kwenye hizi nchi zetu za migomba wanaujua mkeneko bila kuusoma, tatizo ni kile wanachokikinga kwenye chupa.

Wakati bado wanacheka, msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Akasema, "Madam, sisi nyumbani tunachemsha maji ya kunywa kila siku. Mama hajawahi kuacha. Sasa mbona meno yanakuwa hivi?" Akafungua mdomo kidogo, akaufunga haraka. Kicheko kikaisha. Ukiangalia lile darasa vizuri, karibu nusu wana meno yenye madoa, wengine ya njano, wengine kahawia kabisa. Na wote wakaniangalia mimi mdomoni.

Niliweka kitabu chini. Swali lile lilikuwa limejijibu kwenye sufuria iliyokuwa bado ya moto mezani.

Ile rangi inatokana na madini ya floraidi. Milima yetu hii ni ya volkano, na miamba ya volkano ya huku kaskazini ina floraidi nyingi. Maji yanapopita ndani ya mwamba yanaiyeyusha na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima. Siyo kila mahali. Mito mingi inayotoka msituni juu ya Kilimanjaro ina kidogo, lakini ukishuka tambarare, au ukienda upande wa Meru, mambo yanabadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Arumeru kuna vyanzo vilivyopimwa vikazidi miligramu 10. Ikiwa kidogo inasaidia meno, ikizidi inayaharibu yakiwa bado yanajengwa ndani ya fizi, kuanzia utotoni mpaka kama miaka minane. Na ikizidi sana inaingia kwenye mifupa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu watoto wa kusini magharibi mwa wilaya ya Hai, hapa hapa jirani, waliopinda miguu kwa floraidi. Hiyo siyo habari ya urembo tena.

Na floraidi kwenye maji ni chumvi iliyoyeyuka, sawa na ile yetu ya kwenye kikombe. Kitambaa hakiizuii. Mvuke hauibebi. Ukichemsha, wadudu wanakufa, na hilo ni jambo kubwa sana, tusilidharau hata kidogo. Lakini floraidi inabaki yote kwenye sufuria, na kwa sababu maji yamepungua kidogo, inakuwa nzito kidogo zaidi. Lita moja yenye miligramu 3 ikichemka mpaka ibaki nusu lita, miligramu 3 bado zipo, ila sasa zimo kwenye nusu lita. Kwa chai ya kawaida tofauti ni ndogo. Kwa makande yanayochemka saa tatu huku unaongeza maji ya kisima kila yanapokauka, fanya hesabu mwenyewe. Kila kikombe unachoongeza kinaleta mzigo wake, mvuke unaondoka mikono mitupu.

Nikamjibu yule binti hivyo hivyo, kwamba mama yake anafanya kazi sahihi, ila hiyo kazi ni ya wadudu. Floraidi inataka kazi nyingine.

Basi swali likaleta swali. Mmoja akasema, kwa nini tusitumie mtambo wa yule jamaa, tukenekeshe maji yote ya kunywa? Wazo zuri, nikachukua chaki tukapiga hesabu. Kuchemsha lita moja na kuigeuza yote kuwa mvuke kunataka joto la kama kilojuli 2,600, na sehemu kubwa ya joto hilo siyo ya kuchemsha, ni ya kugeuza maji kuwa mvuke. Kilo moja ya mkaa ina kama kilojuli 30,000, lakini jiko letu la kawaida likifikisha moja ya tano kwenye sufuria mshukuru Mungu. Kwa hiyo lita moja inakula zaidi ya gramu 400 za mkaa. Ndoo ya lita 20 ni kilo nane mpaka tisa. Kila siku! Msitu wa Kilimanjaro ungekwisha kabla hatujamaliza kunywa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza chumvi ya dukani inatoka wapi na kwa njia gani. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Ukitaka kilo moja itabidi uyakaushe kama lita 29, yaani kilo 12 za mkaa kwa kilo moja ya chumvi. Hakuna mtu mwenye akili atafanya hivyo. Ndiyo maana pwani, Bagamoyo, Tanga, Lindi, Mtwara, na kule Kenya upande wa Gongoni karibu na Malindi, wanaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina na kuliachia jua. Maji yanapunguzwa bwawa hadi bwawa, na mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi ndipo chumvi inaanza kujitenga. Na hawakaushi mpaka mwisho. Yale maji machache yanayobaki yana magnesiamu, ni machungu, wanayamwaga. Kumbe hata kuepua mapema kwetu kulikuwa na ndugu zake.

Kuchemsha kwa moto kunalipa pale tu maji yenyewe yanapokuwa makali tayari. Mfano wetu mkubwa ni Uvinza, Kigoma, zilipo chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta pale vigae na majivu vinavyoonyesha watu walikuwa wanapika chumvi kwa vyungu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilibebwa na misafara mbali sana, ilikuwa karibu na pesa. Uganda nako, Kibiro kando ya ziwa Albert, akina mama wanachuja udongo wenye chumvi na kuchemsha yale maji, kazi waliyoirithi kwa karne nyingi. Wote hao hawakusubiri mtu awafundishe mada ya kidato cha kwanza. Lakini kuni walizozila nazo ni nyingi.

Na sisi wa huku mlimani? Chumvi yetu ya asili ni magadi. Tunayatia kwenye kiburu, kwenye makande, maharage yaive haraka. Magadi nayo yametengenezwa kwa namna ile ile ya sahani ya dirishani, ila sahani yenyewe ni ziwa. Ziwa Natron halina mto unaotoka. Maji yanaingia na madini yake, jua linachukua maji, madini yanabaki, mwaka baada ya mwaka, mpaka yanakuwa ukoko mgumu. Ni sodiamu kaboneti na ndugu zake, pamoja na chumvi ya kawaida, na floraidi humo humo. Tafiti zilizofanywa huku kaskazini zimekuta magadi mengine yana floraidi kidogo na mengine nyingi mno, na kwa macho hutofautishi. Kwa hiyo mtu anaweza kuchota maji safi kabisa ya mto wa msituni, halafu akaitia floraidi mwenyewe kwa kijiko. Naandika hivi nikijua nitaambiwa nimeanza kudharau kiburu. Sijadharau. Naomba tu mtoto mdogo apikiwe chake pembeni.

Wiki ya mwisho tulifanya jaribio moja ambalo halipo kwenye muhtasari. Sahani tatu nyeupe dirishani: moja maji ya mvua, moja ya bomba la shule, moja ya kisima ambacho wengi wao wanachota. Kiasi sawa. Zilipokauka, ya mvua ilikuwa karibu tupu, ya bomba ilikuwa na duara hafifu, ya kisima ilikuwa na ukoko mweupe kama wa kwenye birika la zamani. Niliwaambia wasije wakasema ule ukoko ndiyo floraidi. Mwingi wake ni madini mengine, chokaa na wenzake, na floraidi haipimwi kwa macho, inataka maabara yenye vifaa. Lakini sahani zilisema kitu kimoja waziwazi: maji yanayofanana kwenye glasi hayafanani yakiondoka.

Sasa angalia ile sahani ya mvua. Kwa nini ni tupu? Kwa sababu maji ya mvua yameshakenekeshwa. Jua limeyachukua kutoka bahari ya Hindi, likaiacha chumvi kule kule, upepo ukayaleta, mlima ukayapoza, yakadondoka. Kilichofanyika kwenye mtambo wa gongo ndicho kinachofanyika juu ya vichwa vyetu kila masika, bure, bila kilo nane za mkaa. Hata theluji ya Kibo ni maji ya bahari yaliyoacha chumvi yake nyumbani. Halafu sisi tunayaacha yapige bati, yaanguke chini, yaingie kwenye mwamba, yachukue floraidi, ndipo tunakwenda na ndoo kuyachota.

Kwa wale wasio na bati la kutosha au tanki, kuna njia nyingine. Ngurdoto, kule kwetu Arumeru, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na njia yao inayojulikana ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa joto la kipimo, inasagwa, maji yanapita humo, floraidi inanasa. Inafanya kazi, ila mkaa ule unachoka na lazima ubadilishwe, na hauchomwi ovyo nyuma ya nyumba, la sivyo maji yananuka na hakuna atakayeyanywa.

Sasa ya nyumbani. Dada yangu ana mtoto wa miezi minane, anaishi na mama. Meno mawili ya chini yameshatoka. Yale ya ukubwani yanaanza kujengwa sasa hivi ndani ya taya, hatuyaoni. Jumamosi iliyopita nilipitia nyumbani kabla ya kurudi chuo. Nikamwamkia mama, nikala, nikamweleza. Mama yangu amechemsha maji maisha yake yote. Alipoteza mtoto kwa kuhara kabla mimi sijazaliwa, na tangu siku ile hakuna tone lililoingia mdomoni mwetu bila kuchemka. Mtu wa namna hiyo huendi kumwambia kwamba kuchemsha hakusaidii. Wala siyo kweli. Sisi wengine tuko hai kwa sababu ya sufuria yake.

Nikamwambia, mama, endelea kuchemsha, ila chemsha ya mvua. Akanyamaza. Akasema maji ya mvua hayana ladha. Nikamwambia ladha unayoikosa ndiyo hiyo tunayoikimbia. Akacheka, naye akaweka mkono mdomoni. Kisha akauliza, "Na wewe mwanangu, yako yatarudi?" Nikamwambia haya hayarudi, mama, haya ndiyo yangu. Ila ya huyu bado.

Tumekubaliana hivi. Bumu likitoka, gata upande mmoja wa bati na tanki dogo kabla ya masika. Mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati tunaimwaga, zinazofuata tunakinga kwa ajili ya kunywa na uji wa mtoto tu, na yatachemshwa kama kawaida. Kuoga, kufua na kudekia, kisima kiendelee. Magadi hayaingii kwenye chakula chake.

Wadau, wengi wenu mnatoka Hai, Siha, Arumeru, na wengine mtapangiwa kufundisha huko. Mkifika kwenye mada hii, msiikimbize. Weka jiko mezani. Halafu uliza darasa, maji ya nyumbani kwenu yanatoka wapi, na kuna mtoto mdogo? Ni dakika tano.

Nakwenda kuanza ripoti sasa, kweli kabisa. Mama katuma meseji saa hizi: fundi wa gata amekuja kupima, anasema bei ya misumari haimo kwenye ile niliyoambiwa. Mnaona mambo hayo?